Iseti C1 ya kamera yako kabla hujatoka kwenda Daraja la Mungu

Pale Daraja la Mungu, lile daraja la jiwe la asili juu ya mto Kiwira, kamera lazima ikuchanganye: ukipimia mwanga chini ya lile jiwe mto unaonekana vizuri ila anga jeupe pee, ukipimia anga huku chini giza tii. Dawa ni kupiga tatu za mwanga tofauti ukaziunganishe baadaye, ndo HDR yenyewe. Sasa Rungwe ukungu unashuka muda wowote na wewe bado unahangaika na menyu, alafu kwenye Canon nyingi ukizima tu kamera ile AEB (mpangilio wa kupiga hizo tatu za mwanga tofauti) inajifuta unaanza moja. Ukiisevu kwenye C1, ile alama ya kwenye kamera inayokutunzia mipangilio yako, haifutiki.

Fanya hivi ukiwa home. Weka Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), f/8, ISO 100 (wepesi wa kushika mwanga, sio ya otomatiki), RAW (faili ghafi), waiti balansi ya jua, kisha nenda kwenye AEB uzungushe mpaka visome -2, 0, +2 (hatua za mwanga, kila moja ni mara mbili). Auto Lighting Optimizer izime, maana inajitia kung'arisha sehemu za giza na ile tofauti uliyoitaka inapungua. Malizia na taima ya sekunde 2, ukibonyeza mara moja zinatoka zote tatu bila kugusa tena kamera. Ndo uingie menyu, custom shooting mode, register, C1, okei. Auto update iache imezimwa, la sivyo ukichezea kitu chochote ukiwa C1 nacho kinasevika humohumo.

C2 mi naiweka ya siku sina stendi ya kamera, vilevile tu ila ISO 400 na ya kupiga mfululizo, unashikilia shata hadi zitoke tatu. Ila piga hesabu, kama ya katikati ni 1/125 ya sekunde ile ya +2 inashuka hadi 1/30, na mkono wa mtu aliyetoka kupanda mlima Loleza hautulii hapo, kwa hiyo ongeza ISO tu usione aibu.

Wa Nikon nyie tafuteni U1 na U2, ndo C1 na C2 za kwenu.

Wakati wa kuunganisha, maji na majani ya migomba yatakuwa yamehama kati ya picha na picha, kwa hiyo washa ile ya kuondoa marudio hafifu ya vitu vilivyohama (deghosting). Na Isimila kule Iringa, jua la utosini vivuli vya zile nguzo za asili ni vikali sana, kama kamera yako inaruhusu nenda -3 na +3. Ila mashamba ya chai Tukuyu siku ya mawingu, jamani, RAW moja inatosha, HDR ya nini hapo.