Kuunda lugha ndogo ya safu: anza na sarufi

Nilipoanza kuunda lugha yangu ya safu hapa Kampala, yaani lugha ya programu inayofanya hesabu kwa orodha nzima ya namba kwa mara moja, nilikimbilia kuandika msimbo, na baada ya miezi miwili nikaufuta wote. Python, lugha ya programu niliyoitumia kuiandika, haikuwa na kosa. Sarufi ndiyo sikuwa nimeiamua. Chukua daftari kwanza.

Lugha hizi ni wajukuu wa APL, nukuu ambayo Kenneth Iverson aliichapisha mwaka 1962. Baadaye yeye na Roger Hui walitengeneza J, ambamo data huitwa nomino, kazi (kama kujumlisha au kuzidisha) huitwa vitenzi, na alama zinazobadilisha vitenzi huitwa vielezi. Kwa aliyesoma Kiswahili darasani, maneno hayo yanaingia moja kwa moja.

Hatua ya 1: kila kitu kiwe safu

Hifadhi vitu viwili tu: umbo, na orodha ndefu ya data. Jedwali la mistari 3 na nguzo 4 lina umbo `3 4` na data 12. Namba moja peke yake ina umbo tupu.

Hatua ya 2: soma kutoka kulia

Sahau BODMAS, ile kanuni ya kuzidisha kabla ya kujumlisha. `2*3+4` inatoa 14, kwa sababu `3+4` inafanyika kwanza. Ukiwa na alama ishirini, nani atakumbuka ipi inaitangulia ipi? Kanuni moja inatosha, na kisomaji chako kinakuwa kifupi: shika nomino ya mwisho kulia, tazama kitenzi kilicho kushoto kwake, kisha uangalie kama kushoto zaidi kuna nomino nyingine. Ikiwapo, `-` inatoa. Isipokuwapo, `-` inageuza ishara. Namba hasi iandike `_5`, kama J inavyofanya, ili isigongane na kitenzi hicho.

Hatua ya 3: upatanisho

Chukua mfanyabiashara wa mahindi wa Kisenyi, hapa Kampala, mwenye mizigo mitatu:

`kilo: 50 120 80`
`bei: 1000 1100 900`

`kilo*bei` inatoa `50000 132000 72000`. Namba moja ipatane na safu yoyote: `kilo*1000` ni sawa. Lakini safu ya 3 na safu ya 2 zisikubaliwe kamwe. Usirudierudie fupi ili ifikie ndefu. Hesabu ya mtu itapotea bila yeye kujua.

Hatua ya 4: mnyambuliko

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii zaidi. Kama *piga* inavyozaa *pigana* na *pigisha*, ndivyo `+` ikipata `/` inavyozaa kitenzi kipya, `+/`, chenye maana ya kujumlisha safu nzima. `*/` inazidisha yote. Huandiki kazi mpya, unanyambua ya zamani. Kabla ya kusoma mstari, upitie mara moja ukiunganisha kila kielezi na kitenzi kilicho kushoto kwake.

Kuna uamuzi mmoja mgumu. `-/5 3 1` katika APL ni 3, maana ni 5-(3-1). Katika K, lugha nyingine ya safu, ya Arthur Whitney, ni 1, maana ni (5-3)-1. Mimi nilifuata APL, kwa kuwa inaafikiana na hatua ya 2.

Hatua ya 5: majina yajitambulishe

Hili ndilo lililoniangusha. Ukikuta `a b c`, je, `b` ni kitenzi au nomino? Katika APL huwezi kujua mpaka ujue `b` inashika nini. BQN, lugha ya safu ya Marshall Lochbaum ya mwaka 2020, ililitatua kwa herufi: jina la nomino huanza kwa herufi ndogo, la kitenzi kwa herufi kubwa. Iga hilo bila kusita. `a B c` inasomeka hata kabla programu haijaanza kufanya kazi.



Hatua ya 6: jaribu

`+/kilo*bei` itoe 254000. Halafu fanya kosa makusudi, `kilo*10 20`, na hakikisha jibu ni Kiswahili kinachoonyesha tatizo: `Urefu haupatani: 3 na 2`.