Zawadi za Krismasi kutoka ofisini: anzeni na viatu

Kama mnataka kupeleka zawadi kwenye makao ya watoto hapa Nairobi, anzeni mapema Novemba. Jamhuri Dei ikishapita, yaani tarehe 12 Desemba, nusu ya ofisi inawaza basi la kwenda mashambani, na mshahara ushapangiwa kazi kabla haujaingia.

Mmoja wenu ampigie simu mlezi mkuu. Aulize kuna watoto wangapi, wa umri gani, wana nini tayari, na kama makao yamesajiliwa. Hilo la mwisho msilionee haya. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, kwa hivyo makao yaliyofunguliwa juzi yanastahili maswali zaidi. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kuwasaidia.

Unga, soda na biskuti, makao hupata kwa wingi Desemba. Januari shule zinafunguliwa na viatu hakuna. Ndiyo maana mimi husukuma viatu vyeusi vya shule, kila mtoto jozi yake.

Kupima ndiyo kazi yenyewe. Nendeni Jumamosi na katoni kuukuu, mkasi na kalamu. Mtoto asimame, uzito wote chini, kwa sababu akiketi mguu unaonekana mfupi. Kata ukanda wa katoni kutoka kisiginoni hadi kidole kirefu zaidi, ongeza upana wa kidole gumba chako, uandike juu yake nambari mliyompa mtoto huyo. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mrefu. Sokoni unauingiza ukanda ndani ya kiatu: ukijikunja, rudisha kiatu. Nambari za saizi zilizochapwa kwenye soli hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, hasa ukinunua mitumba soko la Gikomba.

Kila mfanyakazi achukue nambari ya mtoto mmoja, na anayeona ni mzigo ashirikiane na mwenzake. Tafadhali msitangaze kwenye kundi la WhatsApp nani katoa ngapi. Mama wa chai na mlinzi wako kwenye kundi hilo hilo, na aibu hufukuza watu kuliko umaskini. Wekeni jumla tu, na picha ya risiti.

Ununuzi, soko la Kamukunji asubuhi siku ya kazi. Waende wawili, mmoja ashike simu yenye pesa, mwingine orodha na zile kanda. Ombeni bei ya jumla hata kama saizi zimechanganyika. Muuzaji hukubali akiona idadi. Wasichana wakubwa wanunulieni sodo na chupi mpya, na anayewauliza awe mwanamke. Vya kuchezea? Mpira mmoja mzuri na pampu yake, yatosha.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hivyo fungeni kwa mifuko ya kaki, nambari juu.

Siku ya kupeleka, mkabidhini mlezi agawe mwenyewe. Picha ni za mizigo, si za nyuso za watoto, hata bosi akitaka moja ya kalenda ya kampuni. Kisha vueni makoti mcheze mpira.

Pesa zikibaki, nunueni jozi mbili tatu za ziada za saizi za kati na mziache na mlezi pamoja na risiti. Kati ya kupima na Krismasi, mtoto mgeni anaweza kuingia.