Namna ya Kujiandaa kwa Leza ya Maji Chini ya Retina

Ukiona kivuli cha mviringo katikati ya kila unachokitazama, au nguzo ya stima ikaonekana imepinda, huenda maji yamevuja kutoka tabaka la mishipa ya damu yakakusanyika chini ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kabla ya safari ya Kisumu kumwona daktari wa macho, jipime nyumbani. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta katikati ya ukurasa, ushike kwa umbali wa kusomea, kisha ufunike jicho moja na kuikazia macho nukta hiyo. Mistari ikipinda au miraba ikififia, chora unavyoiona, uandike tarehe, uende na ukurasa huo.

Beba pia dawa zako zote. Nalisisitiza hili kwa sababu steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinajulikana kuchochea ugonjwa huu, nazo zimo katika vidonge vya prednisoloni, katika baadhi ya vipulizia vya pumu na hata katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni, ambazo wengi hawazihesabu kuwa dawa. Hata hivyo, usiache vidonge hivyo ghafla bila idhini ya daktari, maana ni hatari.

Usivunjike moyo ukiambiwa usubiri, kwa kuwa mara nyingi maji haya hukauka yenyewe ndani ya miezi 3 au 4. Yakikawia, utadungwa rangi mkononi na kupigwa picha ili mahali panapovuja paonekane. Mkojo ukigeuka wa manjano iliyokolea siku hiyo, usiogope. Mvujo ulio mbali na kitovu cha kuona huchomwa kwa leza ya kawaida. Ulio karibu nacho huhitaji uangalifu, kwani kovu la leza hiyo laweza kuacha doa la kudumu, na hapo daktari anaweza kuchagua leza isiyochoma, inayoamsha dawa ya vetepofini iliyodungwa mshipani.

Siku ya matibabu nenda na mtu, kwa sababu matone ya kupanua mboni yatakutia ukungu kwa saa kadhaa. Jicho hutiwa ganzi ya matone, nawe huweka kidevu kwenye mashine na kutulia kwa dakika chache.

Aliyedungwa vetepofini aepuke jua kwa angalau saa 48, na jua la Kisumu, mji ulio karibu na ikweta, ni kali. Omba miadi ya alasiri, vaa mikono mirefu, kofia pana na miwani ya jua, na kwenye matatu usikae dirishani.

Nafuu huja kwa majuma, kwa hiyo endelea kujipima kwa daftari lile lile. Ukiona vimulimuli au pazia jeusi likishuka jichoni, rudi hospitalini siku hiyo hiyo.