Ukikosa Maneno ya Kuomba, Anza na "Hata Lini?"

Kwa miezi 14 nilimpeleka mume wangu kusafishwa damu baada ya figo zake kushindwa kazi. Siku 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4 kwenye mashine, nami niko nje kwenye benchi. Kabla ya hapo maombi kwangu yalikuwa kama kupumua. Kina mama wenzangu kanisani walizoea kwamba ndiye mimi ninayefungua na kufunga. Mwezi wa tatu wa lile benchi, maneno yakaisha. Napiga magoti, nasema "Baba yetu uliye mbinguni", basi, nimekwama. Nilikuwa bado naamini, ila nilikuwa sina la kusema, na nikaona aibu kumwambia mtu.

Mume wangu amekwisha pumzika. Naandika haya kwa aliye kwenye benchi lake sasa hivi, awe anauguza, anatafuta kazi, au amezika.

Jambo la kwanza: acha kutafuta maneno yako mwenyewe. Azima. Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na nyingi sana kati yake ni kilio. Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu, na katika ile 2 ya mwanzo Daudi anauliza "hata lini" mara 4. "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Mtu huyu ndiye aliyesifiwa kwa kuupendeza moyo wa Mungu, na ndivyo anavyozungumza naye.

Isome kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona. Sauti ina kazi yake: macho yanaweza kupita juu ya maneno huku akili iko kwingine, lakini mdomo unakulazimisha ukae na kila neno. Ukifika mahali panapochoma, simama hapo hapo. Usikimbilie kumaliza. Kisha chukua lile "hata lini" uweke jambo lako ndani yake, kwa jina lake halisi. Siku moja langu lilikuwa hivi: "Hata lini mashine hii inapiga king'ora na moyo wangu unaruka? Hata lini nimwambie mtoto baba atapona wakati mimi mwenyewe sijui?" Sentensi 2. Yalikuwa maombi yangu ya kwanza ya kweli baada ya wiki nyingi.

Utaona mstari wa 5 unageuka ghafla: "Nami nimeitumainia fadhili zako." Hapa wengi tunajidanganya. Tunajilazimisha kugeuka kwa sababu Daudi amegeuka. Kama hujafika, ishia mstari wa 4, ufunge Biblia, kesho urudi. Na siku ambayo hata hiyo inakuzidi, nenda Zaburi ya 88. Hiyo haigeuki kabisa. Inakwisha gizani, na "gizani" ndilo neno lake la mwisho. Walioikusanya hawakuiongezea mstari wa kuifariji. Imo katika Neno la Mungu hivyo hivyo, na nilipoigundua nilijua kwamba mtu anaweza kuamka bila faraja yoyote na bado awe anaongea na Mungu wake.

Wapo watakaokuambia kulalamika ni kukosa imani. Angalia unalalamika kwa nani. Wana wa Israeli kule jangwani walinung'unika wao kwa wao, na juu ya Musa na Haruni. Mtunga zaburi anampelekea Mungu mwenyewe malalamiko yake. Anayemgongea mlango usiku wa manane anaamini yuko ndani.

Jambo la pili, funga maombi kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku. Usitegemee hamu; kwenye pito hamu ndiyo ya kwanza kuondoka. Danieli aliposikia maombi yamepigwa marufuku, alipiga magoti mara 3 kwa siku kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mazoea yalikuwepo kabla ya tundu la simba.

Kwetu ilikuwa mkono wa kushoto wa mume wangu. Anayesafishwa damu mara nyingi hufanyiwa upasuaji, mshipa unaorudisha damu moyoni ukaunganishwa na ule unaoitoa, na kila asubuhi inabidi kupapasa pale kuhakikisha damu inapita. Ukiweka vidole unahisi mtetemo chini ya ngozi, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiganja. Muuguzi alitufundisha: ukikosa ule mtetemo, njoo haraka. Basi asubuhi nilikuwa naweka vidole, nikiuhisi nasema, "Bwana, leo unapita. Asante." Hakukuwa na zaidi. Mume wangu naye anaitikia amina akiwa bado amefumba macho. Ibada yetu ya asubuhi haikufika dakika 1, na ndiyo pekee ambayo hatukuikosa hata siku moja.

Wewe tafuta yako. Kufungua pazia, kuvaa viatu, kufunga mlango ukitoka. Kitu kimoja, sentensi moja, saa ile ile. Ukirudia maneno yale yale kila siku usihofu. Bwana Yesu pale Gethsemane alikwenda kuomba mara ya tatu, na Mathayo anasema alisema maneno yale yale.

Lala. Nalisema haraka lakini nalimaanisha. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika alimgusa ale, akanywa, akalala tena, akaamshwa ale tena. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye sana. Na kama wewe pia unatamani kufa, mwambie mtu leo, uende kwa daktari. Kuomba kunaendelea ukiwa kwa daktari.

Sasa watu. Usilifikishe jambo lako kwa kanisa zima kwa wakati mmoja. Chagua 2 wanaoweza kukaa kimya. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri mno siku 7 mchana na usiku, wameketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo. Nami nilipata wa kwangu. Mtu ninayemheshimu alinijia pale pale kwenye benchi akaniambia nichunguze nyumba yangu, lazima kuna dhambi ambayo haijatubiwa. Nilibeba maneno yale wiki nzima, nikihesabu makosa ya miaka 20. Kilichonitua mzigo ni Yohana 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Ukiambiwa kama nilivyoambiwa, usibishane. Soma mlango huo wa 9, ulale.

Wale 2 uliowachagua wape kazi inayoeleweka. Mimi nilimwambia dada mmoja, "Siku za mashine, saa 4 asubuhi, niombee. Mimi siwezi." Hakuniuliza zaidi. Alikuwa ananitumia neno moja tu, "Nimeomba." Yule aliyepooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari wakamteremsha, na imeandikwa Yesu aliiona imani yao. Yeye mwenyewe hatuambiwi alikuwa na imani kiasi gani.

Andika kidogo. Nilikuwa na daftari: tarehe, zaburi ya siku, na mstari nilioishia. Nikilifungua sasa naona kurasa na kurasa za "13, mstari wa 4". Tarehe zinasonga, mstari hausogei, unavuka mpaka siku ya maziko na kuendelea. Mahali ambapo kwa mara ya kwanza nimeandika "mstari wa 5" ni miezi 8 baada ya kuzika. Siku hiyo niliusoma kwa sauti, nikaurudia mara moja, nikavaa viatu nikaenda kazini.