Kukadiria gharama ya kuondoa mti mkubwa uani: mwongozo kwa mwenye nyumba wa Nairobi

Mkaratusi uliokuwa nyuma ya nyumba yetu huko Lang'ata ulipoanza kuinamia paa la jirani, niliwaita watu watatu waje kuutazama, na kila mmoja akataja bei yake: wa kwanza shilingi 15,000, wa pili 38,000, wa tatu 65,000. Mti ulikuwa ule ule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anadanganya. Wa kwanza alikuwa anauza kazi ya kuuangusha tu, kwa hiyo magogo, matawi na kisiki vingenisubiri pale pale, na ukuta ukibomoka ungekuwa shida yangu. Wa pili alikuwa amehesabu pia kukatakata magogo na kuyabeba kwa lori. Wa tatu alijumlisha kung'oa kisiki, kuwalipia wafanyakazi bima na kufukia shimo. Mtu anayelinganisha nambari kama hizo bila kuuliza mna nini ndani yake huchagua ya chini, kisha akajikuta amelipa kuliko ile ya juu kwa mafungu, leo lori, kesho vibarua wa kisiki, keshokutwa fundi wa ukuta.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, pima mti wako mwenyewe. Zungusha kamba kwenye shina katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, mahali ambapo wataalamu wa misitu hupimia, kisha gawanya urefu wa kamba hiyo kwa 3.14 upate kipenyo. Kwa kimo cha mti, chukua fimbo inayolingana na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono, ishike wima, urudi nyuma kinyumenyume mpaka fimbo ilingane na mti kutoka chini ya shina hadi kileleni. Umbali uliopo kati yako na shina ndio urefu wa mti kwa makadirio. Vipimo hivi si vya kujifurahisha. Kipande cha mkaratusi mbichi chenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1 hukaribia uzito wa kilo 300, na mtu akishaijua nambari hiyo anaelewa mara moja kwa nini kazi ya kamba, mikono na lori hugharimu kuliko kazi ya msumeno.

Hata hivyo, unene na urefu havipandishi bei kama yanavyofanya mazingira ya mti. Mti wa mita 20 uliosimama peke yake katika shamba la Karen, wenye nafasi wazi ya kuangukia, hukatwa chini kwa pawasoo na kulala kabla ya saa nne asubuhi. Mti huo huo ukiwa Buruburu au South C, umebanwa kati ya ukuta wa jirani, tangi la maji, mabati ya chumba cha nyuma na fensi ya umeme, hauwezi kuangushwa, hushushwa. Mpandaji hukwea, hukata matawi moja baada ya jingine, hufunga kila kipande kwa kamba, na wenzake walio chini hukiteremsha polepole hadi shina libaki kama nguzo, nalo likatwe kutoka juu kuja chini. Kazi ya saa mbili imekuwa ya siku mbili, na watu watatu wamekuwa sita au saba. Kwa hiyo, mtu akikutajia bei kwa simu baada ya kuuliza urefu wa mti tu, mshukuru na umpigie mwingine.

Zunguka ua pamoja na mkadiriaji na umwonyeshe yale asiyoweza kuyaona: tangi la maji taka lililofukiwa, bomba la maji linalopita chini ya kabro, waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo. Mwonyeshe pia geti, kwa sababu lori la kenta lisipoweza kuingia, magogo yatabebwa kwa mkokoteni hadi barabarani, na hiyo ni hela nyingine. Ikiwa matawi yamekaribia nyaya za Kenya Power, asiguse mtu kabla ya kampuni hiyo kuarifiwa na umeme kuzimwa. Nambari yao ya dharura ni 97771. Fensi ya umeme nayo hulegezwa na kurudishwa na fundi wake, na gharama hiyo haimo katika bei ya mkata miti isipokuwa imeandikwa.

Kibali ni sehemu ambayo wengi huiruka kisha wakajuta. Katika Jiji la Nairobi, mti kuwa ndani ya kiwanja chako hakukupi ruhusa ya kuukata upendavyo. Unaomba kibali kwa idara ya mazingira ya kaunti, afisa huja kuukagua, na unalipia. Magogo yakitoka getini kwenda kuuzwa, yanaingia chini ya kanuni za usafirishaji wa mazao ya misitu zinazosimamiwa na Shirika la Misitu, KFS, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Muulize mkadiriaji waziwazi ni nani atakayeomba kibali na jina litakaloandikwa ni la nani, kisha usikubali msumeno uwashwe kabla hujakiona kwa macho yako. Mti uliosimama nje ya ukuta, ukingoni mwa barabara, si wako hata kama wewe ndiye uliyeupanda na kuumwagilia. Na kama mti wenyewe ni mugumo, jiandae kwa maswali zaidi kutoka kwa majirani, kwa kuwa ni mti wenye heshima yake ya kimila. Ule wa Waiyaki Way uliponea chupuchupu Novemba 2020 kwa agizo la rais, wakati Expressway ilipokuwa ikijengwa.

Swali la kisiki linastahili mjadala wake. Msaipresi ukikatwa chini umekwisha, kisiki chake hakichipuki, na ukikiacha kitaoza taratibu. Mkaratusi na mjakaranda ni kinyume chake, kwani baada ya mvua moja utaona machipukizi yamezunguka kisiki kama nywele, na usipoyashughulikia utakuwa na miti minne mahali pa mmoja. Kung'oa kisiki kikubwa kwa jembe, sururu na mtaimbo ni kazi nzito inayoweza kumaliza siku nzima ya vibarua wanne, ndiyo maana katika makadirio mengi haitajwi mpaka uiulize. Aidha, fikiria udongo. Sehemu kubwa ya Lang'ata, South C na Embakasi ina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mti mkubwa uliokuwa ukinyonya maji karibu na msingi wa nyumba ukiondolewa, udongo huo hubaki na unyevu mwingi kuliko ulivyozoea, na ukuta unaweza kupata nyufa. Mti ulio karibu sana na nyumba ya namna hiyo, mwite mhandisi autazame kwanza. Wakati mwingine atakushauri kuupunguza tu, bila kuondoa zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja, na bei ya kupunguza ni nafuu mno.

Watu wengi hutumaini kwamba mbao zitalipa gharama yote. Matumaini hayo yapunguze. Wenye mashine za kupasua mbao hawaipendi miti ya uani kwa sababu ndani yake mna misumari. Katika mkaratusi wetu ilitoka mitatu, imemezwa na mti kabisa, ya kamba ya kuanikia nguo tuliyoifunga watoto wakiwa wadogo. Mgrevilea, ambao wengi huuita mukima, ulionyooka huweza kupata mnunuzi, mkaratusi huenda kwenye kuni, na mjakaranda wakati mwingine hutakiwa na wachonga vinyago. Kama mkandarasi anataka kuchukua magogo, basi thamani yake ipunguzwe kwenye bei na iandikwe. Asiyachukue kwa kisingizio cha kukusaidia kusafisha.

Kuhusu usalama, usione haya kuuliza. Sheria ya mwaka 2007 inayohusu fidia ya majeraha kazini, ile inayojulikana kwa kifupi kama WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na mkandarasi asiyeweza kukuonyesha cheti chake anakuachia wewe hatari hiyo. Mpandaji aliyeletwa na yule mtu wa shilingi 38,000 alifika amevaa akala, begani ana kamba moja ya katani iliyochakaa katikati, na alipokuwa anajifunga nilimwomba ashuke, tukanywa chai, tukaagana. Anayetumia msumeno akiwa juu ya mti anapaswa kufungwa mahali pawili, ili akiikata kamba moja kwa bahati mbaya nyingine imshike. Chini, mti unapoangushwa mzima, asisimame mtu asiyehusika ndani ya umbali unaolingana na urefu wa mti mara mbili, wakiwemo majirani wanaotoka kuchukua video.

Chagua Januari au Februari, au miezi ya baridi kavu ya Julai na Agosti. Masika yakianza, lori hukwama katika udongo mweusi, na watu wa pawasoo hukimbilia miti iliyoangukia nyumba na magari, kama ilivyokuwa Aprili na Mei 2024, wakati ambao hakuna anayejadiliana bei.

Mwisho, omba kila mkadiriaji akuandikie bei kwa mafungu: kukata na kushusha, kukatakata, usafirishaji, kisiki na kufukia shimo, kibali, na kama ni kampuni iliyosajiliwa kutoza VAT, kodi hiyo ya asilimia 16. Weka makaratasi matatu mezani pamoja na uyasome safu kwa safu. Malipo yagawe mara tatu kwa M-Pesa ili kila moja libaki na ujumbe wake: sehemu ndogo ya kuanzia siku watu na vifaa wanapofika, nyingine shina likishalala, na ya mwisho, isiyopungua theluthi moja, baada ya shimo kufukiwa, kabro kurudishwa na wewe kuzunguka upande wa jirani kuutazama ukuta wake.