Mambo ya kuzingatia kabla majani hayajapukutika: kwa mzazi mwenye mtoto shule ya kijijini Maine, Marekani

Familia inayotoka miji ya Portland au Lewiston kwenda kuishi kijijini hukuta shule ya msingi ndogo mno, ambapo katibu wa ofisini humjua kila mtoto kwa jina na humjua hata nyanya yake. Darasa la kwanza na la pili huenda wakakaa chumba kimoja chini ya mwalimu mmoja. Ni mahali pazuri pa kulelea mtoto. Shida ni kwamba Mswahili mwenzako wa kumuuliza hayupo, na wenyeji hawatakueleza mambo waliyoyazoea tangu utotoni, kwa kuwa hawajui kama yanahitaji kuelezwa. Mengi ya mambo hayo hukusanyika kati ya mwisho wa Agosti na Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Soma haya Agosti, jua likiwa bado kali.

Karatasi zitangulie. Ofisi itataka hati inayoonyesha umri wa mtoto, uthibitisho wa mahali mnapoishi, na rekodi ya chanjo. Tangu Septemba 2021 jimbo la Maine halikubali mtoto akose chanjo kwa sababu ya dini au msimamo wa mzazi. Sababu ya kitabibu pekee ndiyo inayokubalika. Kama kadi yenu ni ya kambi ya wakimbizi au ya zahanati ya nyumbani, usiitupe hata ikiwa imechakaa. Ipeleke kwa daktari mapema aihamishie kwenye rekodi za huku, maana miadi ya Agosti hujaa haraka na mtoto anaweza kudungwa upya sindano alizokwisha kupata.

Kwenye fomu inayouliza lugha mnayozungumza nyumbani, andika ukweli. Nimesikia wazazi wakishauriana waandike Kiingereza ili mtoto asitengwe, na ushauri huo unawaumiza watoto wetu. Jibu hilo ndilo linalomfanya apimwe Kiingereza chake na kupewa mwalimu wa kumsaidia. Mtoto akionekana anahitaji msaada huo mwanzoni mwa mwaka, shule inatakiwa kumjulisha mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze. Ikifika Oktoba na hujasikia kitu, nenda ukaulize.

Chakula cha asubuhi na cha mchana ni bure kwa watoto wote wa shule za umma Maine. Hata hivyo shule huomba ujaze fomu ya kipato. Ijaze, kwa sababu sehemu ya fedha inazopata shule hutegemea fomu hizo. Kama mtoto hali nguruwe, au karanga humdhuru, andika barua fupi, nakala moja kwa muuguzi wa shule na nyingine kwa mwalimu. Usimwachie mtoto wa miaka mitano kazi ya kuuliza kilichomo ndani ya soseji.

Kisha kuna folda. Kila siku mtoto hurudi nayo ndani ya begi, na humo ndimo shule inamozungumza nawe: siku ya kupigwa picha, wiki ya kuuza vitabu, vitafunio vya zamu ya mtoto wako, safari ya shamba la matofaa. Ifungue kila jioni, kabla ya sahani za chakula kuoshwa. Karatasi ya ruhusa mara nyingi ni nusu ukurasa, ina mstari wa saini chini na tarehe ya mwisho juu, ndogo sana, rahisi kurukwa na jicho. Bila saini hiyo mtoto hapandi basi. Wenzake watakwenda kuchuma matofaa na kurudi na boga kila mmoja, yeye atashinda darasa jingine. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, ipige picha kwa simu uitafsiri, au mwombe katibu aweke alama mahali pa kutia saini. Watakusaidia bila kinyongo.

Kwa wanaohamia kaunti ya Aroostook, kule kaskazini, kuna jambo la pekee. Baadhi ya shule huko hufungua Agosti, mapema kuliko kwingine, kisha hufunga tena Septemba kwa likizo ya mavuno ya viazi, desturi ya miaka mingi. Wanafunzi wakubwa huenda mashambani kufanya kazi, na pale shule ya msingi nayo inapofungwa, wadogo hubaki nyumbani. Mzazi mwenye zamu kiwandani apange mapema nani atakaa na mtoto wiki hizo.

Basi la njano lina sheria zake. Rangi hiyo ilikubaliwa katika mkutano wa mwaka 1939, New York, ili basi lionekane vyema alfajiri na magharibi, na mtoto wa kijijini husafiri saa hizo hasa. Mfundishe kusimama hatua kubwa tano nyuma ya ukingo wa barabara, kungoja mkono wa dereva, na kuvuka mbele ya basi tu, mahali ambapo dereva anamwona uso. Kitu kikianguka karibu na basi, asiiname kukiokota, amwambie dereva. Kwa watoto wa chekechea, shule nyingi hazimshushi mtoto kama hakuna mtu mzima kituoni, kwa hiyo peleka ofisini majina ya wote wanaoruhusiwa kumpokea. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Baada ya hapo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtoto anayeshuka kituo cha mwisho anaweza kushukia gizani.

Novemba hiyohiyo ni msimu wa kuwinda paa kwa bunduki. Kama nyumba yenu imepakana na msitu, au mtoto hungojea basi kando ya miti, mnunulie kizibao na kofia vya rangi ya machungwa iliyokolea, ile wanayovaa wawindaji wenyewe. Bei yake ni ndogo na huuzwa hata kwenye maduka ya vituo vya mafuta. Maine hairuhusu kuwinda Jumapili, basi matembezi ya msituni ya familia yawekeni siku hiyo.

Sasa nguo, na hapa nataka tukae kidogo. Kaskazini mwa jimbo baridi ya kugandisha umande huanza Septemba. Watoto hutolewa nje kucheza baada ya chakula hata kukiwa na ubaridi mkali, kwa sababu huku kucheza nje ni sehemu ya siku ya shule. Asiye na buti na glavu husimama ukutani akitazama wenzake, na urafiki wa shule ndogo hujengwa palepale uwanjani. Mvike tabaka: fulana, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Koti moja zito bila kitu ndani humtoa jasho asubuhi na kumgandisha mchana. Mwekee soksi za akiba kwenye begi, na viatu vya kubaki darasani. Kila kitu kiandikwe jina kwa kalamu isiyofutika, hata kila glavu peke yake.

Kisha mfundishe kuvaa mwenyewe, kwa mpangilio. Suruali ya theluji kwanza, halafu buti, halafu koti na zipu yake hadi kidevuni, kofia, na glavu mwisho. Akianza na glavu hawezi tena kushika zipu, na mwalimu ana watoto kumi na tano wa kufungia. Fanyeni mazoezi sebuleni mwezi mzima wa Septemba. Nguo hizi si lazima ziwe mpya. Mitumba ya makanisani ni mizuri, na shule nyingi huweka sanduku la makoti kwa muuguzi. Kuomba koti si aibu. Wenyeji nao wanalichukua.

Kupe ni hatari ambayo wengi wetu tunaipuuza, tukidhani baridi imewaua. Kupe wakubwa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, maradhi ya bakteria, huzagaa hasa Oktoba na Novemba, na majani makavu wanayoyarukia watoto ndiyo maskani yao. Jioni mvue mtoto nguo, zitie kwenye mashine ya kukausha kwa joto kali dakika kumi, umkague taratibu: nyuma ya masikio, kwenye mizizi ya nywele, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kinenani. Watoto waliosukwa, pitisha kidole kwenye kila mstari. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usitumie mafuta wala moto. Akitolewa kabla ya saa 24 uwezekano wa kuambukiza ni mdogo sana. Andika tarehe kwenye kalenda, na doa jekundu linalotanuka, au homa, vikitokea ndani ya mwezi mmoja, mpeleke kwa daktari umtajie kupe.

Halloween, sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kuomba peremende, ni Oktoba 31. Baadhi ya shule huandaa maandamano ya mavazi, nyingine hufanya sherehe ya mavuno tu. Familia ambayo imani yake hairuhusu ina haki ya kusema hapana, na mwalimu akijulishwa wiki moja kabla humtafutia mtoto shughuli nyingine. Mkiruhusu, vazi la nyumbani linatosha. Silaha za bandia haziingii shuleni.

Jambo lililo moyoni mwangu zaidi ni mazoezi ya dharura. Oktoba kuna wiki ya kujikinga na moto, iliyowekwa kukumbuka moto mkubwa wa Chicago wa 1871, na wazima moto wa kijiji huja na gari lao. Kengele hulia ghafla. Kuna pia zoezi la kujifungia darasani, kana kwamba mtu hatari ameingia shuleni, taa zikiwa zimezimwa, watoto wakiwa kimya sakafuni. Mtoto aliyetoka Kivu, mashariki mwa Kongo, au aliyekimbia usiku na mama yake hataona zoezi hapo. Atauona usiku ule. Mwambie mwalimu historia hiyo kwa kadiri unavyoweza, uombe ujulishwe siku kabla, na umweleze mtoto kwa Kiswahili, akiwa mapajani mwako, kitakachotokea na nani atakuwa naye.

Mikutano ya mzazi na mwalimu huwa kati ya Oktoba na Novemba, dakika 15 au 20 tu. Omba mkalimani wiki mbili kabla, ukitaja Kiswahili chenu ni cha wapi, Kongo au Burundi, ili wasikuletee mtu msiyeelewana. Usikubali mtoto awe mkalimani wa habari zake mwenyewe. Nenda na maswali matatu yaliyoandikwa, la kwanza likiwa: anacheza na nani?

Na kama namba yako ya simu imebadilika tangu uandikishe, ipeleke ofisini kabla ya theluji ya kwanza. Ujumbe wa kufunga shule, au wa kuchelewa kufungua kwa muda wa saa mbili, hutumwa alfajiri kwa namba waliyo nayo.