Somo: Programu ya wakati halisi iliyojengwa kwa klasi, na kufuli inayochelewesha kazi

Ndugu wanachama, nimeulizwa mara nyingi mno kwa nini programu ya wakati halisi, yaani inayopaswa kumaliza kila kazi ndani ya muda uliowekwa, hukosa muda huo hata ikiwa imegawanywa vizuri katika klasi za C++ (vifurushi vya data pamoja na shughuli zake), ilhali kila klasi ikijaribiwa peke yake haina kosa, kwa hiyo naandika jibu mara moja. Mfano wangu ni kidhibiti cha pampu ya maji kinachoendeshwa na FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo unaogawa muda wa prosesa kati ya kazi kwa kufuata vipaumbele.

Hatua ya 1. Andika kipindi cha kila kazi na muda mrefu kabisa inaoutumia: kusoma shinikizo, milisekunde 2 katika kila 10, kurekebisha mota, 8 katika kila 40, kutuma taarifa, 20 katika kila 100.

Hatua ya 2. Kipindi kikiwa kifupi, kipaumbele kiwe juu.

Hatua ya 3. Jumlisha matumizi ya prosesa, yaani muda wa kila kazi ukigawanywa kwa kipindi chake. Hapa ni 60%, na watafiti Liu na Layland walithibitisha mwaka 1973 kwamba kazi tatu za vipindi zisizozuiana hutimiza muda wake jumla isipozidi takriban 78%.

Hatua ya 4. Unda vitu vyote kabla kazi hazijaanza. Baada ya hapo usiombe kumbukumbu mpya.

Hatua ya 5. Linda data inayotumiwa na kazi zaidi ya moja. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lilinigharimu wiki mbili. Klasi ya vipimo ilificha ndani yake kufuli, yaani alama inayoruhusu kazi moja tu kwa wakati kuigusa data, na kufuli hiyo niliiunda kwa xSemaphoreCreateBinary, ambayo katika FreeRTOS haina urithi wa kipaumbele, yaani mwenye kufuli hapandishwi kwa muda hadi kipaumbele cha kazi ya juu inayomsubiri. Kazi ya kutuma taarifa ilishika kufuli kwa milisekunde 1, kazi ya mota, yenye kipaumbele cha juu kuliko yake, ikaingia kati kwa milisekunde 8, na kazi ya shinikizo, iliyokuwa ikisubiri kufuli na kuhitaji 2 zake, ikamaliza katika milisekunde ya 11 ilhali mwisho wake ulikuwa ya 10. Ni kosa lilelile lililokifanya chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi, kijizime na kujiwasha upya mwaka 1997, hadi wahandisi walipowasha urithi wa kipaumbele kutoka duniani. Tumia xSemaphoreCreateMutex, ambayo ina urithi huo. Usiishike kufuli unapotuma data kwenye mtandao: nakili, achia, kisha tuma. Usiiguse kamwe ndani ya shughuli ya kukatiza, yaani ile inayoitwa na kifaa ghafla na kusimamisha kazi iliyopo.

Swali: Yangu inakwama, naomba msaada wa haraka.
Jibu: Hukutaja vipindi wala aina ya kufuli. Fanya hatua ya 1, kisha ulete orodha.

Swali: Si afadhali kuacha klasi na kuandika C tupu?
Jibu: Kosa hili halikuletwa na klasi, na katika C lingetokea vilevile. Kwa kuwa kufuli ilikaa ndani ya klasi moja, niliirekebisha kwa kubadilisha mstari mmoja.

Swali: Je, urithi wa kipaumbele unaondoa kusubiri kote?
Jibu: Swali zuri. Hauondoi: kazi ya shinikizo bado itasubiri ile milisekunde 1 ya mwenye kufuli, lakini mota haiwezi tena kujipenyeza katikati, hivyo 11 zinakuwa 3. Ongeza kusubiri huko katika hesabu ya hatua ya 3. Ukiwa na kufuli mbili, kila kazi izishike kwa mpangilio uleule, la sivyo kazi mbili zitasubiriana bila mwisho.

Swali: Hizo milisekunde 2 ulizipimaje?
Jibu: Niliinua volti ya pini moja ya prosesa kazi inapoanza, nikaishusha inapomaliza, nikaitazama kwa osiloskopu, kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyopita. Pima pia kihisi kikiwa kimekatika, kwa sababu njia ya makosa mara nyingi ndiyo ndefu zaidi, kisha uache nafasi ya ziada. Na ukiona kipindi kinasogea polepole, badilisha amri ya kusubiri vTaskDelay uweke vTaskDelayUntil, kwani ya kwanza huhesabu tangu ilipoitwa, si tangu kazi ilipoamka.